Sifa ya Elfu Tatu Mia Moja na Kumi na Mbili

Nchi yenyewe siitaji. Jina lake nalijua, na wimbo wake naujua beti zote tatu, lakini nina mama mzazi na ninampenda, basi tuiite nchi tu. Ukiona inafanana na nchi unayoifahamu, tatizo ni macho yako. Kayapime.

Nchi hiyo ilikuwa na Kiwanda cha Taifa cha Sabuni. Kilitoa sabuni ya mche ya rangi moja, rangi ya maji yaliyooshewa dagaa, na wananchi waliipenda kwa sababu hakukuwa na nyingine. Kiwandani kulikuwa na matangi matatu ya kuchemshia mafuta, na kila tangi lilikuwa na koki ya kuingizia magadi makali, yale ambayo yakikugusa ngozi huulizi ni nini. Koki hufunguliwa kwa kitufe kilichoko kwenye ubao wa swichi, juu kule, karibu na midomo ya matangi. Kwa siku ilifunguliwa koki moja, mara moja. Hizo ni siku zenye ari.

Mwenye matangi hayo alikuwa Mzee Kitwana Mshamu, mtu mrefu mwenye shingo iliyonyooka kama mlingoti. Alijua tangi limeiva kwa kusikiliza linavyoguguma. Mwenye kiwanda, kwa maana ya mwenye gari na kapeti, alikuwa Mkurugenzi, Mheshimiwa Mhandisi Daktari Balozi Mstaafu Zakaria Kinyamasika. Hapo nimeruka vyeo kumi na vinne, aniwie radhi. Alikuwa na miaka saba kwenye kiti na hajawahi kupanda ngazi ya matangi.

Siku aliyoipanda, Waziri wa Usafi alikuwa amekuja na wapiga picha, na juu kule kulikuwa na mwanga mzuri.

"Hapa ndipo ninapofanyia kazi," Mkurugenzi akamwambia Waziri, akaweka kidole kwenye kitufe cha tangi la tatu.

"Mheshimiwa," Mzee Kitwana akasema taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa, "tangi limejaa."

"Unanifundisha kazi, Kitwana?"

"Hapana, Mheshimiwa. Nalisemea tangi."

Mkurugenzi akabonyeza. Ilikuwa saa nne na dakika kumi asubuhi. Tangi likafanya kile ambacho matangi yaliyojaa hufanya duniani kote, hata kwenye nchi zisizo na amani na utulivu kama yetu. Povu la moto lilipanda, likavuka ukingo, likaufunika ubao wa swichi. Swichi zikatema cheche zikafa. Waziri alikimbia akaacha kiatu kimoja cha kushoto. Mkurugenzi alimpita Waziri kwenye ngazi. Mzee Kitwana alibaki peke yake, akatumbukiza mkono wa kulia ndani ya lile povu, akaikaza koki kwa mkono. Koki ikafunga. Mkono nao ukafunga, vidole vyote vitano, na haukufunguka tena.

Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto akaandika kwenye daftari la zamu kama siku zote: saa 4:10, koki ya magadi, tangi la tatu, imefunguliwa tangi likiwa limejaa. Daftari halikuwa na sehemu ya kuandika nani kafungua. Lilikuwa daftari la serikali.

*

Nchi nyingine zina mahakama na mambo marefu. Sisi, samahani, wao, wana Idara ya Lawama. Sheria yake ni fupi hata mimi wa kidato cha nne naielewa: kila kosa lina shingo moja. Kosa likitokea, Idara inapewa siku tatu kutafuta shingo. Mkosaji asipofahamika kwa maandishi, anachukuliwa mwenye cheo cha chini kuliko wote waliokuwa ndani ya hatua kumi.

Afisa Lawama Mkuu, Bi. Consolata Ndimbo, alikuja na utepe wa fundi cherehani akapima. Mzee Kitwana alikuwa hatua mbili kutoka kwenye kitufe. Mkurugenzi alikuwa hatua sifuri, lakini cheo chake kilikuwa juu, karibu na dari.

"Lakini baba ndiye aliyeifunga!" akasema Mwatumu, binti wa Mzee Kitwana, aliyekuwa karani wa masjala palepale kiwandani.

"Hilo ni la fomu ya pongezi, binti yangu," Bi. Ndimbo akamjibu bila ubaya wowote. "Fomu za pongezi zimekwisha tangu mwaka juzi. Hii ni fomu ya kosa."

Kibao kilichongwa kwa mninga, kikatobolewa matundu mawili ya kamba: MIMI NDIYE NILIYEFURISHA. Mzee Kitwana akaamriwa kukivaa shingoni na kuketi langoni, kila siku ya kazi, saa moja na nusu asubuhi hadi saa kumi jioni, maisha yake yote. Mninga ni mti mzito. Baada ya nusu mwaka ule mlingoti ulikuwa umepinda, na mzee akawa anawatambua watu kwa viatu.

"Shikamoo, Mzee Kitwana," akasema mfanyakazi mmoja akipita.

"Marahaba, Shebe. Soli ya kulia inaachia hiyo, iwahi."

Mkurugenzi akipita kila asubuhi alimwamuru dereva asimamishe gari, akashusha kioo. "Hujambo, Kitwana? Tunajifunza, eeh? Tunajifunza!" Kisha anacheka, kioo kinapanda, na vumbi la gari linamkuta mzee usoni, kwa kuwa uso wenyewe hakuweza kuuinua aukwepeshe.

Mwatumu hakulia. Alikwenda masjala, akaitoa Sheria ya Lawama, akaipangusa, akaisoma mpaka kifungu cha mwisho, ambacho hakuna aliyewahi kukisoma kwa sababu kilichapwa nyuma ya jalada. Kilisema shingo inaweza kubadilishwa endapo mtu mwingine atalikubali tendo kuwa lake, kwa maandishi, kwa sahihi, kwa mhuri, na hadharani. Jina lake na vyeo vyake vitaandikwa kibaoni kwa ukamilifu, kama yeye mwenyewe alivyoviandika. Pembeni mtu fulani aliongeza kwa penseli: haijawahi kutokea.

Mwatumu akakinakili kifungu hicho kwenye kipande cha karatasi, akakikunja, akakisokomeza nyuma ya simu yake, kati ya simu na kava. Sisi tunaomfahamu tulijua. Yule akinyamaza namna ile, wewe tafuta mahali pa mbali pa kusimama.

*

Kiwanda kikasimama miezi kumi na minne kwa kukosa ubao wa kuyaongozea matangi. Kamati ya Ubao ilisafiri nje mara sita kwenda kuangalia mbao za wenzetu, ikarudi na picha za wanakamati wamesimama mbele ya mbao za wenzetu. Mtaalamu akaja na mkoba wa bati unaong'aa, akatazama matangi, akasikitika. Mfumo mpya, alisema, ungehitaji miaka minne, chumba chenye baridi, na wataalamu wengine wanne wa kumtazama yeye. Huku nyuma sabuni ilikwisha nchini. Bunge likaanza kukutana madirisha wazi, na hoja zikawa fupi, kitu ambacho wananchi walikifurahia.

Mwatumu alikuwa na kompyuta moja ya masjala, ya zamani, inayounguruma ikiwashwa. Ndani yake mlikuwa na programu ya kawaida ya kutunzia orodha, ile ambayo wasomi huiita kanzidata na ambayo kila ofisi inayo bila kujua inayo. Yeye aliitumia kuorodheshea likizo za wafanyakazi.

"Unataka kuchemsha sabuni kwa programu ya likizo?" akauliza Shebe Kiroboto, aliyeachiwa matangi baada ya Mzee Kitwana, na ambaye kwa miezi kumi na minne kazi yake ilikuwa kuyafuta vumbi.

"Likizo ni nini, kaka Shebe? Mtu, tarehe, katoka, karudi. Na koki ni nini? Koki, saa, imefunguka, imefungwa."

"Na mtu asiporudi likizo?"

"Jina lake linageuka jekundu."

"Na koki isipofungwa?"

"Jijibu."

Shebe akajijibu, akaenda kumtafutia nyaya.

Alivyouunda mfumo wake ni hivi, na nitaeleza kama alivyonieleza mimi, ambaye hesabu nilipata mbili. Kwenye skrini alichora matangi matatu na vitufe vyake. Ukibonyeza kitufe, koki haisikii lolote. Kinachotokea ni mstari mmoja kuandikwa kwenye jedwali: nani, saa ngapi, koki gani, ifanywe nini. Kando ya tangi kuna kisanduku cha swichi, alichokiunga kwa vipuri vya mashine za kufulia zilizokufa. Kisanduku kinalichungulia jedwali kila sekunde, kikiona mstari mpya kinautii. Vipimajoto na vipimaujazo navyo vinaandika mistari yao. Mstari ukisema ongeza magadi, na jedwali likasema hakuna nafasi, mstari unakataliwa na skrini inaandika: TANGI LIMEJAA. Maneno ya baba yake yaleyale, hakuongeza hata nukta.

Uone tofauti. Katika nchi ile mambo hufanyika kwanza, kisha kamati inakaa kuandika kilichotokea, na mara nyingi kinachoandikwa kinapendeza kuliko kilichotokea. Kwa Mwatumu hakuna kilichofanyika kabla hakijaandikwa. Wakubwa wangelielewa hilo, kompyuta ile ingepigwa marufuku jioni ileile.

Sabuni ikatoka. Koki zikafunguliwa mara sita kwa siku.

*

Wiki ya pili Mkurugenzi akaitisha waandishi wa habari awaonyeshe ubunifu wake. Alisema wazo lilimjia akiwa anaoga, jambo ambalo kwa miezi kumi na minne lisingewezekana, lakini hakuna aliyeuliza. Kisha akatoa maelekezo. Picha yake iwekwe nyuma ya matangi. Rangi nyekundu iondolewe kwenye skrini kwa kuwa ni rangi ya chama kile kingine; hatari ionyeshwe kwa rangi ya maziwa. Wimbo upigwe kila koki inapofunguka. Mwatumu alikuwa anaandika tu. "Ndiyo, Mheshimiwa. Ndiyo, Mheshimiwa."

Halafu Mkurugenzi akaliona jedwali.

"Huyu Shebe Kiroboto ni nani, na kwa nini kajaa kwenye skrini ya serikali?"

"Ndiye anayebonyeza, Mheshimiwa."

"Anabonyeza kwa uongozi wa nani?"

"Wako, Mheshimiwa."

"Sasa?"

Shebe, aliyekuwa pembeni na ndoo, anaapa kwamba alimwona Mwatumu akigusa kava la simu.

"Unataka sehemu ya nani ijazwe jina lako, Mheshimiwa? Hata akibonyeza mwingine?"

"Ijijaze yenyewe. Na vyeo vyote."

Vyeo vyote viligoma. Sehemu ya jina kwenye programu ile hupokea herufi mia mbili hamsini na tano, na Mheshimiwa aliishia kwenye "Mlezi wa Kudumu wa Timu ya Mpira wa". Ikabidi Mwatumu aibadilishe iwe sehemu ya maelezo marefu, ile ambayo huwekwa historia ya ugonjwa. Kuanzia siku hiyo Mkurugenzi akawa anafungua koki mara sita kwa siku, akiwa mkutanoni, akiwa harusini, na wiki mbili alizofunguliwa tumbo hospitali ya nje ya nchi. Hakukosa zamu hata moja.

*

Miezi kumi baadaye ikaja Nishani ya Jasho la Taifa. Nishani hii ni ya heshima sana, na ina desturi moja: matendo ya mpokeaji husomwa yote hadharani, moja baada ya jingine, na kila tendo hupigiwa makofi matatu. Hairuhusiwi kufupisha. Mwenye matendo mengi ndiye mwenye jasho.

Mkurugenzi akamwita Mwatumu ofisini, kwenye kapeti.

"Nina mangapi?"

"Elfu moja mia saba hamsini na nane, Mheshimiwa."

"Mwenzangu wa Reli aliingia na elfu nne. Elfu nne! Treni yenyewe iko wapi?"

"Sijui, Mheshimiwa."

"Kabla ya huu mfumo koki hazikuwa zikifunguliwa?"

"Zilikuwa. Zimo kwenye madaftari ya zamu, miaka kama tisa, zikiwemo za kabla hujateuliwa."

"Niliteuliwa na nani?"

"Na taifa, Mheshimiwa."

"Na taifa lilikuwepo?"

"Lilikuwepo."

"Basi nilikuwepo. Ingiza."

Mwatumu akainamisha macho kwenye kapeti. Hapa nataka umsikilize vizuri, kwa sababu watu wanasema alimtega. Mimi nasema alimpa mlango, akaushikilia wazi, akamwonyesha na kizingiti asijikwae.

"Zote, Mheshimiwa?"

"Zote."

"Kuna kurasa zimechafuka kidogo. Niziruke?"

"Usiruke hata moja! Mnaanza wivu? Kila koki iliyofunguliwa humu ndani nimefungua mimi!"

"Basi naomba barua, Mheshimiwa. Nisije nikaambiwa nimejitungia."

Barua ikaandikwa kwa furaha: *Kila koki iliyofunguliwa kiwandani, tarehe yoyote, nimeifungua mimi. Isirukwe hata moja.* Ikafuatiwa na vyeo, ikaingia ukurasa wa pili.

Mwatumu alichapa madaftari ya miaka tisa kwa siku kumi na moja. Jumla ikawa elfu nne mia nane na sabini, na Reli ikabaki nyuma inakula vumbi. Kurasa tisini na nane zikachapishwa, na Mkurugenzi akatia sahihi kila ukurasa na kuugonga mhuri, akiupulizia kwanza pumzi ya moto ili wino ukolee. Ukurasa wa sitini na tatu aliusaini huku anaongea na simu, anamwagiza fundi wake suti yenye kifua kipana.

Jioni ile Mwatumu alimkuta baba yake langoni anavua kibao. Kila siku kilivuliwa saa kumi, kikatundikwa kwenye msumari hadi kesho yake.

"Baba, vumilia siku chache."

"Mwanangu, unavaa viatu vya sikukuu leo. Umefanya nini?"

"Nimechapa tu, baba."

*

Sherehe ilifanyika kiwandani, uwanjani, mbele ya matangi. Waziri wa Usafi alikuwa mgeni rasmi. Bi. Ndimbo alikuwepo pia, kwa kuwa kwenye shughuli yoyote ya taifa Idara ya Lawama huwekewa kiti, tahadhari tu. Nishani ilikuwa kwenye mto wa hariri, kubwa kama kifuniko cha sufuria. Msoma Sifa wa Taifa, Bwana Dunstan Mapande, ana sauti ambayo haihitaji kipaza sauti wala, kusema kweli, akili. Anasoma kila kilichoandikwa. Siku moja alisoma mpaka anwani ya mpiga chapa.

Asubuhi ya kwanza vyeo vilichukua dakika nne nzima. Kisha: "Sifa ya kwanza! Akafungua koki ya magadi, tangi la kwanza!" Pa, pa, pa. "Sifa ya pili! Akafungua koki ya magadi, tangi la pili!" Pa, pa, pa. Kufikia mchana viganja vilikuwa vimevimba, wakaletwa wanafunzi wa chuo kupiga makofi kwa zamu. Mkurugenzi alikaa kifua mbele, anatikisa kichwa kila sifa, kama mtu anayekumbuka alivyochoka siku hiyo.

Langoni, mzee aliyeinama alikuwa anasikia kila kitu. Matendo mengi yalikuwa ya mkono wake.

Siku ya pili, saa tisa alasiri, nusu ya wageni walikuwa wamesinzia wakipiga makofi usingizini.

"Sifa ya elfu tatu mia moja na kumi na mbili! Saa nne na dakika kumi asubuhi, akafungua koki ya magadi, tangi la tatu, tangi likiwa limejaa!"

Pa, pa...

Kofi la tatu halikuja. Waziri alikuwa ameganda na mikono hewani, anatazama mguu wake wa kushoto.

Bi. Ndimbo akasimama. "Rudia hiyo."

"Sifa hairudiwi bila makofi, mama."

"Nitapiga mimi."

Bwana Mapande akarudia kwa sauti ileile, na akaongeza kwa kuwa imeandikwa chini: "Sahihi! Mhuri!" Bi. Ndimbo akapiga makofi yake matatu peke yake, makavu, uwanja mzima ukayasikia. Kisha akafungua mkoba, akatoa miwani, akaiendea meza kuu.

"Mheshimiwa Mkurugenzi, sahihi hii yako?"

"Yangu, lakini..."

"Mhuri?"

"Wangu, ila huo ukurasa..."

"Hapa tuko wapi? Faraghani?"

Uwanja ukajibu kwa pamoja, bila kuombwa: "Hadharaniii!"

Mkurugenzi akasimama, suti ikamkaba kifuani. "Jamani, huo ni utaratibu tu! Majina yanajijaza yenyewe! Yule msichana atawaambia!"

Mwatumu akasogea, mnyenyekevu kabisa, akamkabidhi Bi. Ndimbo ile barua. Bi. Ndimbo akampa Bwana Mapande, naye, masikini, akaisoma yote. *Isirukwe hata moja.* Watu wakaipigia makofi matatu kwa mazoea.

"Nisaidie kidogo, Mheshimiwa," akasema Bi. Ndimbo. "Sifa elfu tatu mia moja na kumi na moja zilizotangulia, umezifanya wewe au hukuzifanya?"

Mkurugenzi akatazama mto wa hariri. Nishani ilikuwa inameremeta. "Nimezifanya."

"Na zinazofuata?"

"Nimezifanya."

"Na hii ya katikati?"

"Hii aliifanya Kitwana."

"Kwa sahihi yako."

Tangi la pili liliguguma, skrini ikapiga wimbo, na kule ndani mstari ukaandikwa kwamba Mheshimiwa, aliyesimama pale mbele ya watu elfu moja, amefungua koki.

"Sheria ni nyepesi," Bi. Ndimbo akasema. "Ukiikana moja, karatasi zote tisini na nane ni za uongo. Unarudisha nishani na vyeo vyote vilivyoandikwa humo. Ukiikubali, unabaki navyo, pamoja na kibao. Chagua. Nina mkutano saa kumi."

Nyinyi na mimi tungechagua nini? Tungekuwa na aibu, tungevua vyeo, tungekwenda kulima mahali. Ndiyo maana mimi na nyinyi si Wakurugenzi.

Alitazama nishani. Akatazama lango. Akatazama tena nishani, akalamba midomo.

"Nishani nabaki nayo," akasema.

*

Kibao cha zamani hakikutosha. Sheria inataka jina na vyeo kwa ukamilifu, kama mhusika mwenyewe alivyoviandika, na Mwatumu alimpelekea seremala nakala iliyochapwa vizuri, kurasa mbili. Seremala akasoma, akakuna kichwa, akaenda kung'oa mlango wa ofisi ya Mkurugenzi, kwa kuwa ndiyo mbao pekee kiwandani yenye ukubwa huo, na ni mninga. Vyeo vinaanzia chini ya kidevu. Ile Timu ya Mpira iko tumboni, nayo imeandikwa yote. MIMI NDIYE NILIYEFURISHA iko chini kabisa, magotini, mahali ambapo mwenyewe haoni lakini kila anayepita anaona. Nishani inaning'inia juu yake, inagonga mbao akipumua.

Waziri alimletea salamu za pole na kiatu kimoja cha kulia. Alisema hakina kazi tena.

Mwatumu aliifuta ile sehemu inayojijaza yenyewe, na Shebe Kiroboto akarudi kwenye skrini kwa herufi zake kumi na tatu. Halafu Mwatumu akaongeza kitufe kimoja kipya, langoni, chini kidogo ya usawa wa mkono. Mkurugenzi anatakiwa akibonyeze kila asubuhi saa moja na nusu. Asipobonyeza hahesabiwi kuwa amekaa, na siku hiyo anaandikwa mtoro. Kukifikia inabidi apige magoti na ule mlango shingoni. Mwatumu huangalia dirishani hadi mstari uonekane, ndipo anapokunywa chai.

Na Mzee Kitwana? Shingo ilichukua muda. Wiki ya kwanza aliona magoti ya watu, ya pili akaona vifungo vya mashati, na ya tano akamwona binti yake usoni, akamwambia amekonda. Kazi hakurudi. Lakini kila siku, saa nne na dakika tano, anaweka kiti mbele ya lango, mkabala na Mheshimiwa, na anaanza kusoma kibao kwa sauti, kuanzia juu, cheo kimoja baada ya kingine, bila kuruka hata kimoja. Inamchukua dakika tano pamoja na ile Timu ya Mpira, ambayo huisoma mara mbili.

"Hujambo, Zakaria?" anamalizia. "Tunajifunza, eeh?"

Inapofika saa nne na dakika kumi mzee ananyoosha mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia hauwezi tena kupiga kofi, na anajipiga pajani mara tatu, taratibu, pa, pa, pa.